Kupe ya Michezo Jijini Nairobi: Anza kwa Kupima Matuta

Kwanza tumalizane na jina. Nilipompigia mama simu Machakos kumwambia nataka kununua kupe, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza tangu lini nafuga ng'ombe. Nikamweleza: ni gari, mama, la milango miwili, la chini, la kwenda mbio. Swali lake la pili ndilo lililofaa kuwa la kwanza kwangu, na kwa kila mtu anayetaka gari la aina hii katika jiji hili: "Na hayo matuta ya kwenu utayapita vipi?"

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye matuta. Mambo ya nguvu za injini utayakuta mbele kidogo.

Hatua ya 1: Pima njia yako ya nyumbani kabla ya kuuliza bei

Gari nililokuwa nikilimezea mate ni Toyota GR86. Kwa vipimo vya kiwanda, tumbo lake liko milimita 130 juu ya ardhi. Kalamu ya biki ukiisimamisha wima haipiti chini yake. Toyota Fielder yangu ya zamani, ambayo sijaiuza na nitaeleza kwa nini, huvuka tuta lolote la mtaani bila hata kunimwagia chai.

Huhitaji kuwa na gari lenyewe ili ujue kama litapita. Unahitaji kamba, tepu ya kupimia na vipande viwili vya mbao vilivyokatwa sentimita 13. Tafuta umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma la gari unalolitaka; kwa GR86 ni milimita 2,575. Funga kamba ya urefu huo kutoka ncha ya juu ya ubao mmoja hadi ncha ya juu ya mwingine. Mmoja wenu asimamishe ubao wake upande huu wa tuta, mwenzake upande wa pili, kamba ikiwa imekazwa. Kamba ikigusa zege, tumbo la gari litagusa. Kisha sogezeni mbao polepole pamoja, mmoja ukipanda na mwingine ukifuata, maana matatizo mengi hutokea pale gurudumu la mbele limeshashuka na la nyuma bado halijapanda.

Kazi hiyo niliifanya saa nne usiku, magari yakiwa yamepungua, nikisaidiwa na soja wa geti letu hapa South B. Alishika ubao wake bila kuuliza kitu hadi tuta la tatu. "Madam," akasema, "hapa tunapima kaburi ama?"

Kutoka barabara kuu hadi getini kwetu kuna matuta tisa. Saba yalipita. La nane lilipita kwa nywele. La tisa, lile la karibu na kibanda cha mama mboga, liliinua kamba kabisa. Hilo halikujengwa na serikali. Wakazi walilimwaga wenyewe kwa zege lililobaki mtu alipomaliza ukuta wake, na lilikuwa jembamba na limechongoka kama mgongo wa punda. Nilimwendea mwenyekiti wa mtaa. Hakukataa, ila alitaka simiti itoke kwangu. Mifuko miwili na fundi wa nusu siku, tuta likapanuliwa bila kupunguzwa kimo. Hapo ndipo nilijifunza kwamba upana una maana kuliko kimo: tuta pana huinua magurudumu na tumbo kwa pamoja, jembamba huwaacha magurudumu chini na kulikaribisha zege kwenye ekzosi.

Usiishie mtaani. Peleka kamba yako kazini, kanisani au msikitini, na kwenye maegesho ya duka unalolipenda. Kule kazini kwetu Upper Hill, rampu ya kushuka maegesho ya chini ina kona kali pale juu inapoanzia, na kamba iligusa. Sasa nalipia nafasi ya juani, nje. Nayo barabara ya kwa mama, kilomita mbili za mwisho ni murram yenye mitaro ya mvua. Huko gari hili haliendi, ndiyo maana Fielder ipo. Kama huna nafasi ya magari mawili na una mzazi mashambani, mimi ningekushauri uache wazo hili kwanza, na sisemi kwa ubaya.

Hatua ya 2: Chagua injini ukikumbuka mwinuko

Jambo hili wauzaji hawalitaji. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya sita. Injini isiyo na tabo (turbo) hupumua hewa inayoikuta tu. GR86 ina injini ya sisi (cc) 2,387, silinda nne zilizolala, na kiwanda kinaiandikia nguvu 235 za farasi. Hizo ni za usawa wa bahari. Kwa hesabu yangu, farasi wanaofika Nairobi wakiwa hai ni kama 195.

Injini yenye tabo husukumiwa hewa, kwa hiyo mwinuko hauinyang'anyi sana. Kama roho yako inataka kurushwa nyuma kitini kila unapokanyaga mafuta, tazama Toyota GR Supra ya lita 3 au kupe za BMW za Series 2. Sitakuongopea kwamba GR86 ina mbio sawa na hizo hapa juu.

Mimi niliichukua kwa sababu tatu. Ni nyepesi, takriban kilo 1,270, na wepesi haupungui ukipanda mlima. Haina mabomba na mitambo mingi ya kuvuja. Na injini yake ni ya Subaru: gari hili na Subaru BRZ ni mapacha, yote hutengenezwa na Subaru mkoani Gunma, Japani. Mnairobi anajua maana ya hilo. Mji huu una mafundi wa Subaru kama ulivyo na vinyozi.

Ukitaka kuanza kwa bei nafuu, kuna kizazi cha kwanza, Toyota 86, kilichotoka mwaka 2012 na injini ya lita 2. Yale ya mwanzo hayaruhusiwi tena kuingizwa nchini kwa sababu ya umri, lakini yaliyoingia zamani bado yanauzwa mitaani. Ukikutana na la 2012 au 2013, uliza kama springi za valvu zilibadilishwa, kwa kuwa mwaka 2018 Toyota na Subaru waliyaita magari ya miaka hiyo yarudi kurekebishwa kwa kasoro hiyo hiyo. Kazi hiyo inahitaji injini ishushwe, na fundi aliyeifanya huwa hawezi kuisahau. Atakuwa na risiti au hadithi.

Gia za mkono au otomatiki? Nilichagua za mkono, na kila jioni ya Ijumaa kwenye Mombasa Road mguu wangu wa kushoto hunilaani. Sijajuta.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya ushuru kwa kalamu yako mwenyewe

Magari mengi ya namna hii hufika hapa yakiwa yametumika Japani kidogo, na la kwangu lilikuwa limesajiliwa kule mara ya kwanza mwaka 2022. Sheria ya Kenya inataka usukani wa kulia na gari lisizidi miaka minane tangu usajili wa kwanza. Kwa mwaka 2026, maana yake ni la 2019 kuja mbele.

Sasa ushuru. Watu husikia asilimia hii na ile, wanajumlisha, wanakosea. Asilimia hizi hupandiana mgongoni. Tuseme KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, imelipangia gari lako thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000. Kwa viwango nilivyolipa mimi:

Ushuru wa forodha, asilimia 35: 350,000.
Ushuru wa bidhaa, asilimia 25 ya 1,350,000: 337,500.
VAT, asilimia 16 ya 1,687,500: 270,000.
Ada ya tangazo la uagizaji, asilimia 2.5 ya ile milioni ya kwanza: 25,000.
Tozo ya reli, asilimia 2 ya milioni hiyo hiyo: 20,000.

Jumla ni 1,002,500. Yaani unamnunulia serikali gari la pili, na chenji ya chai juu yake.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, ile thamani ya forodha si bei uliyomlipa Mjapani. KRA ina orodha yake ya bei za magari mapya, inaitwa CRSP, halafu inakata uchakavu kulingana na umri. Ukipata gari kwa bei ya kutupa, ushuru hautajua kwamba ulibahatika. Kwa hiyo tafuta jina kamili la modeli yako kwenye orodha hiyo kabla ya kutuma hata senti, na uhakikishe viwango vya mwaka huo, kwa kuwa bunge huvigusa mara kwa mara.

La pili ni ukubwa wa injini. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi sisi 1,500, asilimia 25 ikizidi hapo, na asilimia 35 kwa injini ya petroli inayozidi sisi 3,000. Supra ya lita 3 ina sisi 2,998. Imepita chini ya kamba kwa sisi mbili. Ford Mustang ya V8, lita 5, haina bahati hiyo.

Hatua ya 4: Soma karatasi ya mnada mpaka uielewe

Unaweza kununua kwenye yadi, hapa Ngong Road au Kiambu Road, ukaliona gari na kuligusa. Utalipa zaidi, lakini utalala. Au unaweza kuagiza mwenyewe kutoka mnadani Japani kupitia wakala, ukasubiri meli. Kupe za michezo ni chache kwenye yadi, nami nilitaka gia za mkono, kwa hiyo niliagiza.

Kila gari la mnadani huja na karatasi iliyochorwa gari likiwa limefunguliwa kama samaki, na herufi ndogo zimeandikwa juu ya kila kipande. Herufi A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa kizima. Namba inayofuata huonyesha ukubwa: A1 ni ya ukucha, A3 ni ya geti. Juu pembeni kuna daraja la gari zima. Daraja la 4.5 au 5 ni gari safi. Ukiona R au RA, gari hilo limewahi kugonga na kutengenezwa.

Kwa Vitz ya kwenda sokoni, R si mwisho wa dunia. Kwa kupe ya michezo mimi siigusi. Magari haya hununuliwa na vijana wa Kijapani wanaoyapeleka viwanjani kuyaserereza mwishoni mwa wiki, na kugonga kwao si kule kwa kurudi nyuma ukagusa nguzo. Tazama pia vitu visivyoandikwa kwenye daraja: springi zilizofupishwa, ekzosi ya mtaani, usukani usio wa kiwanda, rimu pana. Gari lililobadilishwa linaweza kuwa zuri, lakini wewe hutajua lilibadilishwa na nani wala kwa nini. Omba picha za chini ya gari. Nililichukua langu lilipokuwa na W2 moja tu kwenye ubavu wa nyuma wa kushoto, nikaomba picha ya hapo jua likiwa kwa pembeni, nikaona kivuli kidogo cha wimbi kwenye rangi. Nikaikubali. Mpaka leo macho yangu hukimbilia hapo kila nikiliosha.

Malipo yatoke benki kwenda kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye ankara. Mtu akikuomba utume kwa jina la binafsi, hata kama mmeongea mwezi mzima na anajua majina ya watoto wako, funga simu.

Kabla ya kupakiwa melini, gari likaguliwe na kampuni iliyoidhinishwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, kule kule Japani na lipewe cheti. Bila cheti hicho utajikaanga kwa mafuta yako ukifika bandarini.

Hatua ya 5: Bandarini, na ufunguo wangu

Hapa sitakaa sana, maana wakala wa forodha ndiye anayehangaika. Kazi yako ni kumtafuta kabla meli haijafika, kulipa ushuru mara unapokokotolewa, na kujua kwamba siku za kuhifadhiwa bure zikiisha, gari huanza kula pesa likiwa limelala.

Ila nikwambie kuhusu funguo. Gari lilitoka Japani na funguo mbili za kielektroniki, picha ninazo. Lilipokabidhiwa kwangu kulikuwa na moja. Wakala alisema hakuuona wa pili, wa yadi ya makontena akasema yeye hupokea alichopewa, na dereva wa kulihamisha akasema yeye ni dereva tu. Kutengeneza mwingine na kuuoanisha na gari kulinigharimu kuliko tairi mbili. Omba ufunguo wa pili utumwe kwa kurieri pamoja na hati za meli. Wauzaji wengi hukubali, ukisema mapema.

Jingine dogo: wakala wangu aliendelea kuniuliza mzee atakuja lini kuliona gari. Mara ya tatu nikamwambia mzee ni mimi. Akacheka, na tangu siku hiyo akawa ananiita mzee. Tukaelewana.

Hatua ya 6: Lipandishe Nairobi mwenyewe, kama unaweza

Wengi humlipa dereva. Mimi nilipanda treni kwenda Mombasa, nikarudi nikiliendesha gari langu, kilomita kama 480, nikiwa nimehakikisha usajili wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) na bima viko tayari.

Kutoka Mariakani hadi Voi injini ilikuwa na sauti moja na mguu mwepesi. Ukitaka kupita lori, ukishuka hadi gia ya nne, limekwisha. Mtito Andei nikanywa chai. Baada ya Emali nikaanza kugundua kwamba natafuta gia ya tatu mahali ambapo asubuhi ya nne ingetosha. Mwanzoni nilidhani petroli niliyoweka ni mbovu. Nikasimama kando, nikafungua boneti, nikatazama kama mtu anayejua anachotazama. Kisha nikakumbuka ile hesabu ya hewa. Gari halikuwa na ugonjwa, lilikuwa linapanda mlima na linapungukiwa pumzi kama mimi ninavyopungukiwa nikipanda ngazi. Kama ungelipokea South B bila kuliendesha pwani, hungejua kamwe kilichobaki njiani.

Hatua ya 7: Bima

Piga simu hizi kabla hujanunua. Kampuni ya kwanza niliyoiendea iliposikia neno "michezo" ilikataa. Ya pili ilikubali kwa kiwango cha juu kuliko cha Fielder na masharti ya kufunga kifaa cha kufuatilia gari. Ya tatu ilinipa bima kubwa kwa bei ya kati, lakini nilisoma ukurasa wa tatu nikakuta kiasi cha kujilipia mwenyewe ajali ikitokea kilikuwa kimeongezwa maradufu kwa "magari ya kasi". Uliza kiasi hicho kwanza, kabla ya kuuliza bei. Uliza pia kikomo cha kioo cha mbele, maana kokoto za malori ya Mlolongo hazibagui. Na gari litathminiwe. AA Kenya hufanya kazi hiyo, na ripoti yao hukuepusha na mabishano baadaye.

Hatua ya 8: Petroli, fundi na tairi

Ndani ya kifuniko cha tangi kuna kibandiko cha Kijapani kinachodai petroli ya premium. Super ya kawaida hapa Kenya ina oktani chini ya anachokitaka Mjapani. Mimi huweka zile za daraja la juu, V-Power na wenzake, ambazo EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, haizipangii bei kama inavyofanya kwa super kila tarehe 14 ya mwezi. Tangi ni lita 50. Kwenye jamu ya mjini napata kilomita 8 kwa lita. Barabara ndefu, 12 na zaidi kidogo.

Fundi usimtafute kwa wale wenye mabango ya magari ya Ulaya. Nenda kwa fundi wa Subaru. Mapenzi ya nchi hii kwa Subaru hayakuanza na vijana wa ekzosi za kupasua anga. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliingia Safari Rally na Subaru Vivio, kigari cha sisi 660 ambacho ungekiona mtaani ungedhani ni cha mwalimu wa nasari, akamaliza wa kumi na mbili. Fundi wangu, ambaye karakana yake iko Industrial Area, ana picha ya ile Vivio ukutani juu ya mashine ya kupulizia tairi. Alipofungua boneti ya gari langu alisema tu, "Hii ni boksa, mama. Hii ni ya nyumbani." Boksa ndiyo hiyo injini ya silinda zilizolala. Mafuta ya injini ni 0W-20, mnunulie mwenyewe kwenye duka unaloliamini, ufungue chupa mbele yake.

Tairi ndizo zilizonifundisha adabu. Langu ni la daraja la RZ, lenye tairi 215/40 za rimu ya inchi 18. Mbavu za tairi hiyo ni nyembamba kama chapati ya hoteli. Wiki ya pili, Outer Ring Road, usiku, mvua, shimo lililojaa maji. Paa! Nikashuka nikafungua buti kutafuta tairi ya akiba, nikakuta chupa ya gundi na kapampu kadogo. Gari hili haliji na tairi ya akiba. Gundi haizibi mbavu iliyopasuka. Niliishia kulibebesha gari kwenye lori la kuvuta, na duka la kwanza, la pili na la tatu hawakuwa na saizi hiyo.

Kwa hiyo ungeniuliza leo, ningekuambia: tafuta daraja la SZ, linalokuja na 215/45 za inchi 17, au ununue rimu za inchi 17 siku ya kwanza. Mbavu zinaongezeka kidogo, shimo linasamehe kidogo, na tairi zinapatikana kirahisi zaidi. Za inchi 18 weka nyumbani za Jumapili. Mimi ndivyo nilivyofanya, kwa kuchelewa.

Baada ya miezi mitatu

Viti vya nyuma si viti. Ni mahali pa kuweka mkoba na mwavuli. Nilijaribu kumpakia mpwa wangu wa miaka kumi na moja hadi Kitengela. Alipofika alitoka kwa magoti.

Kutoka kwenye kiti cha mbele ukiwa umevaa sketi ya ofisi ni ufundi wa kujifunza. Geuza miguu yote miwili nje kwanza, shika fremu ya mlango, ndipo usimame. Mama alipokuja mjini nilimvuta kwa mikono yote miwili, akacheka hadi soja akatoka kibandani. Lakini njiani, tulipokata kona pale kwenye mzunguko wa Bunyala bila gari kuinama hata kidogo, alishika mkanda akasema, "Kumbe jina ni la haki. Hii imeng'ang'ania lami."

Kwenye msongamano halina raha. Klachi si nzito, lakini matatu hazikuoni. Umekaa chini kuliko mlango wao, na kondakta aking'inia nje, goti lake liko usawa wa macho yako. Waendesha boda hukuzunguka wakitaka kusikia injini. "Madam, piga resi kidogo!" Sipigi. Kwanza, sehemu ya sauti unayoisikia ndani hutoka kwenye spika, kwa kifaa cha kiwandani cha kuongeza mngurumo. Nje gari ni pole kuliko wanavyotarajia, nami sitaki kuwavunja moyo.

Expressway haina ladha. Imenyooka, kikomo ni 80, na unalipia. Thika Road vivyo hivyo. Gari hili halikutengenezwa kwa ajili ya kwenda mbio mbele moja kwa moja. Ukilitumia hivyo, Subaru ya mtoto wa jirani yenye tabo itakuaibisha kwenye taa za kwanza, hasa kwa mwinuko huu.

Barabara yake niliipata Jumapili moja, saa kumi na mbili asubuhi. Unatoka Lang'ata, unapita Rongai kabla haijaamka, Kiserian unavuka matuta yake kwa mshazari, gurudumu moja moja, kisha unafika Kona Baridi. Hapo nchi inafunguka, Bonde la Ufa liko chini yako na lami inateremka kwa kona zinazofuatana kuelekea Magadi. Gia ya tatu. Kilomita 60 kwa saa zinatosha, wala huhitaji zaidi. Usukani unakwambia kila kokoto. Unavunja breki kidogo, unageuza, nyuma ya gari inafuata bila kuulizwa, unakanyaga mafuta taratibu, kona imekwisha, nyingine hii hapa. Na kadiri unavyoshuka bondeni hewa inanenepa, injini inapata pumzi yake, na wale farasi waliobaki njiani wanaanza kurudi mmoja mmoja. Nilishuka hadi karibu na Olepolos, nikageuza, nikapanda tena. Kisha nikashuka tena. Angalia mbuzi, hawaheshimu mtu.

Kuna jambo moja ambalo bado sijalitengeneza. Redio ya Kijapani inaishia megahatzi 95, kwa hiyo nusu ya stesheni za Nairobi sizipati, na kila nikiwasha gari sauti ya mwanamke mpole huniambia kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Fundi anasema kumnyamazisha ni kazi ya dakika tano, kuchomoa kijiboksi kilicho chini ya dashibodi. Ameniuliza mara mbili. Nimemwambia amwache kwanza, nimeshaanza kumjibu.